Baba wa Mume Hatajwi

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii pale Dongobesh, nimemshika Evaline mkono. Mkono ulikuwa wa baridi kama umetoka mtoni. Mtoto wake Getruda, wa miaka minne, alikuwa hajameza kidonge cha kifafa tangu Jumanne jioni. Daktari alishatuonya: asikose dawa hata siku mbili, akianguka mfululizo anaweza asiamke tena. Na vidonge vyenyewe ninavyo mimi, nimevifunga kwenye pindo la khanga.

Evaline ni mpangaji wangu. Ni mjane, Mbarbaig wa kule chini ya mlima Hanang. Jumatano alikwenda mashine kusaga mahindi, akarudi akakuta mtoto hayupo. Jirani alimwona mzee aliyejifunga lubega amembeba mgongoni, wanapanda basi la Katesh. Alhamisi nzima tulishinda stendi tukiuliza makondakta, hakuna aliyejua wameshukia wapi. Evaline alimjua aliyemchukua. "Ni mzee wa kwetu," aliniambia. Basi, hapo akaishia.

Afisa aliitwa Octavian, kijana mtaratibu, kwao Bukoba. Alinipa shikamoo vizuri, nikaitikia marahaba. Akafungua fomu yake.

"Haya dada Evaline. Mzee huyo anaitwa nani?"

Evaline akatazama sakafu.

"Niangalie mimi, usiogope. Hapa ni mahali salama. Jina lake?"

"Ni mzee."

"Wazee wako wengi, dada. Nimempigia mtendaji wa kata, anasema ukoo wenu kule una maboma zaidi ya kumi, na mengine yamehamia kwenye ziwa Balangida kulambisha ng'ombe chumvi. Nikimwambia atafute mzee, ataanzia wapi?"

Saa ya ukutani inagonga, mimi nahesabu vidonge kwa vidole kupitia kitambaa. Jumatano nusu, Alhamisi nusu. Leo nusu ya tatu.

"Marehemu mumeo je? Yeye aliitwa nani?"

Hapo ndipo nikashtuka. Evaline amekaa kwangu mwaka na miezi, tunachota maji pamoja, na sijawahi kumsikia akimtaja mumewe. Husema "baba Getruda" tu. Nilidhani ni huzuni.

"Sema, mama," nikamhimiza, na sauti yangu ilikuwa kali, nakiri. "Mtoto atatufia huko!"

Machozi yakamtoka lakini mdomo kaubana. Octavian akaweka kalamu chini. Akaniita pembeni dirishani.

"Bibi, mimi nimesomea kazi hii. Mama aliyeibiwa mtoto anapiga kelele, anataja kila mtu. Huyu haniangalii, hajibu. Nahofia anajua zaidi. Labda kampeleka mwenyewe. Ikifika saa nne hajasema, itanibidi niwaite polisi, wamhoji wao."

"Polisi? Huyu?"

"Nifanyeje, bibi? Ningekuwa kwetu, mtu anakueleza hadi jina la babu wa babu yake bila kuulizwa!"

"Hapa si kwenu, mwanangu," nikamwambia. Na papo hapo nikaona aibu, maana kwa mambo ya Evaline hata mimi nilikuwa mgeni. Sisi Wairaqw tumekaa na watu hawa toka enzi na enzi, tunawaita Mang'ati na jina hilo hawalipendi, tunanunua ng'ombe wao mnadani, lakini siku gani niliwahi kumuuliza Evaline kwao mwanamke anaishije?

Nikarudi, nikapiga magoti mbele yake. Magoti yangu haya mabovu.

"Evaline, hutaki kusema, au huwezi?"

Akanong'ona, "Siwezi, bibi. Ni baba wa mume. Kwetu ukishaolewa hulitamki jina lake. Wala la mume akishafariki. Wala majina ya ndugu zake baba. Mdomo haufunguki."

Octavian alikuwa amesogea, kasikia. "Hata mtoto akiwa hatarini?"

"Nimejaribu, baba. Tangu juzi najaribu nikiwa peke yangu. Haliji."

Octavian akakaa kwenye benchi, si kwenye kiti chake. Akaitazama fomu, akaigeuza kifudifudi.

Mimi kila jioni namtegea Getruda vitendawili. Namwambia: nina wazee wangu watatu, hukaa motoni mchana kutwa hawaungui. Anapiga kelele, mafiga! Sasa kichwani ikanijia: kwenye kitendawili hukitaji kitu. Unasema kilivyo, mwenzio ndiye anataja.

"Usimtaje," nikasema. "Mweleze tu. Akisimama yukoje?"

Evaline akapangusa uso. "Mguu wa kushoto anauburuta. Fisi alimng'ata."

"Ng'ombe wake?"

"Ana dume jeusi, pembe moja imeangalia chini. Limefungwa kengele ya shaba."

"Mwanawe?"

"Alipigwa na radi mwaka juzi. Kisimani."

Octavian alikuwa ameshapiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji cha kina Evaline, Mzee Bura, ameiweka sauti kubwa. Akarudia maneno yale moja moja. Hakufika kwenye radi.

"Fisi? Dume la kengele?" sauti ikacheka. "Kijana, si useme tu Gidamis! Mbona unanizungusha?"

Evaline alijifunika uso wote na shuka yake. Jibu tukalipata.

"Yuko wapi?" Octavian kasimama.

"Hakwenda Balangida, yuko hapa hapa. Mjukuu wake alianguka alfajiri, wanamwagia maji ya baridi."

Evaline akatoa mlio ambao sijausikia kwa mtu mzima. Octavian alikuwa akipiga kelele kwenye simu: zahanati, pikipiki, dawa ya kifafa, mpelekee simu mzee, sasa hivi, mwenyekiti, sasa hivi!

Tukangoja. Nani alikaa, nani alisimama, sikumbuki. Fundo la khanga nililikaza mpaka kidole kikafa ganzi.

Simu ilipolia, Octavian aliiweka sauti kubwa. Alimpa Evaline. Aliipokea kwa mikono miwili, akageukia ukutani. Sauti ya mzee ilikuwa inatetemeka, Kiswahili cha kubabaisha, labda kwa ajili ya nesi aliyekuwa pembeni yake.

"Amefumbua macho. Mimi sikujua habari ya dawa. Nilitaka tu amwone bibi yake. Sasa nesi ameleta, ananiuliza. Kizima au nusu?"

"Nusu, baba," Evaline akauambia ule ukuta. "Na maziwa. Mimi nakuja."