Hazadi za Harusi ya Héritière

Kathambi alikuwa amejigamba sana, na maneno yake ndiyo yaliyomponza. Tangu aje Johannesburg kusomea uzamili wa takwimu na kupanga chumba kwa Mama Victorine kule Bertrams, hakuacha kusema kwamba mtu aliyejifunzia gari Nairobi anaweza kuendesha hata kwenye ngazi. Basi siku Victorine alipomwoza binti yake Héritière, ufunguo wa Corolla kuukuu ukawekwa mkononi mwa Kathambi, na hakukuwa na pa kukwepea.

Victorine mwenyewe ndiye aliyeshona gauni, kwa kuwa ushonaji ndio kazi yake. Asubuhi hiyo zipu ikakorofisha, akabaki karakana kuirekebisha huku bibi harusi akitangulia Midrand. Ibada ilikuwa saa tano. Mpwa wake Cédric angewaongoza kwa Polo yake nyeupe, maana kanisa lilikuwa ukumbi wa kukodi nyuma ya maghala na ni yeye tu aliyeijua njia. Victorine alikaa kiti cha nyuma, gauni amelipakata kama mtoto mchanga. Ndugu wengine wote walikuwa kwao Bukavu, Kongo, wamenyimwa viza, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kuonyesha.

"Harusi gani hii, ma fille, binti yangu? Gari mbili tu! Kwetu barabara ingefungwa."

Pale Troyeville umeme ulikuwa umekatika na roboti, yaani taa za barabarani, zimezima. Jijini humo roboti zikizima kila gari husimama, na aliyetangulia kufika ndiye hutangulia kuondoka, bila polisi wala matusi. Cédric akapita kwa zamu yake. Kathambi akafanya kama angefanya Nairobi: akachomeka pua ya gari nyuma yake. Honi zililia pande zote nne. Alifadhaika, akakanyaga breki, kisha kwa aibu akawapisha wote, hata waliofika mwisho. Nairobi ukiwapisha watu namna hiyo utalala hapo hapo. Alipoinua macho, Polo haikuwepo.

"Nampigia," alisema. Simu ya Cédric ikalia ndani ya mkoba wa Victorine, alikoiacha ipate chaji kwenye pawabenki.

"Eeh Mungu wangu!" Victorine akajaribu ya Héritière. Haikushikwa.

Waliingia barabara kuu ya kaskazini wakiomba kwa sauti. Kathambi aliendesha polepole, na gari lolote lililomjia kwa kasi kutoka nyuma alilipisha, akisogelea mstari wa njano wa pembeni. Ndipo Polo nyeupe ikawapita, dereva kavaa kofia, na mara tu ilipokaa mbele yao ikawasha hazadi, zile taa za pande zote mbili. Ikameremeta mara mbili, ikazima.

"Njo ule!" Victorine alipiga kelele. "Ni Cédric! Iko natuita na mataa! Umufuate!"

Na nani angebisha? Nairobi kama Bukavu, gari likiwasha hazadi bila kuharibika basi ni msafara wa harusi au wa mazishi. Kathambi akakaza mwendo na kumwashia taa kubwa, ajue wameonekana. Polo ikaongeza kasi. Naye akaongeza. Polo ikahama njia, akahama. Ikatoka barabara kuu bila kuonyesha ishara, akatoka nayo.

"Kwani leo Cédric amekunywa nini?" aliuliza, jasho likimtiririka.

"Ni furaha. Usimuache!"

Polo ilikata kona mbili na kuingia kwa kishindo katika uwanja wa kituo cha polisi. Corolla ikaingia nyuma yake. Mlango wa Polo ukafunguliwa, akatoka mzee mnene mwenye kofia ya kanisani, si Cédric wala ndugu yake Cédric, akamkimbilia askari wa kike aliyekuwa mlangoni.

"Wananifuata tangu barabara kuu!" alilia kwa Kiingereza. "Niliwashukuru, wakaanza kunifukuza!"

Askari alishika kiunoni penye bastola. Mlango wa nyuma wa Corolla ukafunguka taratibu, likatangulia gauni jeupe, kisha uso wa Victorine ukiwa umelowa machozi. Askari akaondoa mkono kiunoni.

Kathambi alieleza yote, na kila alivyozidi kueleza ndivyo askari alivyozidi kujishika mbavu. Hapa, aliambiwa, ukimpisha mtu huwasha hazadi kukwambia asante. Nawe humjibu kwa taa kubwa: karibu. Mengine yote uliyofanya, dada, ni utekaji wa gari.

Kathambi alitamani ardhi immeze. "Saa tano imeshapita," alisema. Majigambo yalikuwa yake, na sasa binti wa watu alikuwa amesimama mahali fulani hana cha kuvaa.

Mzee alilitazama gauni, akamtazama mama mtu. Akauliza ukumbi uko nyuma ya maghala gani, na alipotajiwa akasema anayajua.

Aliwaongoza mwenyewe hadi mlangoni. Cédric alikuwa anazunguka uani kama kuku, waimbaji wameishiwa nyimbo, na Héritière amejifunga kitenge ndani ya stoo, wanja umemshuka hadi mashavuni. Alimgombeza mama yake, akamkumbatia, akavaa. Zipu ilipanda bila shida.

Jioni walirudi Bertrams kwenye karamu. Kathambi aliwabeba bibi harusi na bwana wake, Cédric nyuma yake, na mkiani yule mzee, aliyekuwa ameahidiwa wali. Wote watatu waliwasha hazadi na kuziacha, kama inavyopaswa.

Basi kila gari walilolipita likawajibu kwa taa kubwa. Malori yakawajibu. Teksi zikawajibu. Victorine, kiti cha mbele, akageuka kutazama nyuma. Miaka yote aliyoishi jijini humo alikuwa ameitwa majina mengi, lakini neno hilo hakuwahi kuambiwa na mtu.

"Wanasema nini tena, ma fille?"

"Karibu, Mama."

Victorine alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Uende polepole, basi," alisema. "Uwaache wamalize."