Muhogo wa Mpakani

Mama Sonia alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja katika chumba cha kupanga mjini Kasongo, chumba ambacho mvua ilikijua kuliko mwenye nyumba. Kitanda kilikuwa kimehamia pembe zote nne, na ya tano haikuwapo.

Kwa hiyo mji ulipopanga mtaa mpya kwa ajili ya wapangaji, viwanja vya bei ya chini na njia pana za kupitisha hata gari la wagonjwa, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Viwanja vilipishana ukubwa kwa kufuata kijito, ila sharti lilikuwa moja: chenye upana chini ya mita kumi na mbili hakipati karatasi, na bila karatasi hujengi.

Grégoire, mpima ardhi, alipima mwezi wa kwanza, akaweka vijiwe vya saruji mipakani. Wiki haikuisha, vyote vikawa mafiga ya watu jikoni. Hakugombana. Alipima upya, akaamuru kila mtu apande muhogo kwenye mpaka wake.

"Jiwe munaiba," akasema, "lakini muhogo mutu anachunga."

Masikini, hakumjua Théophile. Huyu alikuwa fundi wa pikipiki, mcheshi, mkarimu wa maneno, na kiwanja chake kilipakana na cha Mama Sonia. Tatizo lake ni kwamba alitaka pia gereji.

Mwezi wa kumi Grégoire alirudi na karatasi, lakini daftari lake la vipimo lilikuwa limeliwa na mchwa hadi jalada. Kumbukumbu iliyobaki ilikuwa muhogo. Akavuta kamba kwenye kiwanja cha Mama Sonia, akakuna kichwa.

"Mita kumi tu, mama. Hapa hakuna karatasi."

Mama Sonia aliona kitanda kikirudi kutafuta pembe ya tano. Mstari wa muhogo ulikuwa umesogea kwake hatua tatu nzima, na Théophile amesimama nyuma ya mstari huo, mpole kama siku ya komunyo.

"Muhogo imesema," Théophile akasema. "Mimi niko nani nibishane na muhogo?"

Mama Sonia alitaka kulia, kisha akaangalia chini. Alizaliwa kijijini Wamaza, akajua jembe kabla ya kujua kusoma. Muhogo wa miezi tisa hupasua udongo shinani. Hapa udongo ulikuwa laini, haukuwa na ufa hata mmoja.

"Papa géomètre, vuta ule muti mumoja."

Grégoire alivuta kwa nguvu zote, nusura aanguke chali. Mti ulitoka bila ubishi, na mizizi yake ilikuwa myembamba kama uzi wa kushonea.

"Hiyo iko ya miezi tisa?" Mama Sonia akauliza.

"Udongo iko mubaya, mama," Théophile akajibu haraka.

"Mubaya? Basi tuone."

Akaazima jembe, akahesabu hatua tatu kuingia upande wa Théophile, akalipiga. Hakuna kitu. Watu walikuwa wameshajaa, wengine wakaanza kucheka. Akapiga tena. Pigo la tatu likagonga kitu, akachimbua muhogo mnene kama kifundo cha mkono, umekatikia shingoni. Mbele kidogo, mwingine. Kisha mwingine, katika mstari ulionyooka mpaka kijitoni.

Njia ya mwongo ni fupi. Théophile alivua kofia.

"Mama, mimi ni fundi wa pikipiki tu."

"Ndiyo, inaonekana. Mulimaji havutake muhogo namna hii, kuachia nusu chini."

Grégoire alipima upya: mita kumi na tatu. Akaandika karatasi, akapiga muhuri. Muhogo wa ushahidi ukaoshwa ili upikwe palepale, na adhabu ya Théophile ikawa kuleta mafiga. Alileta matatu ya saruji, yenye namba za viwanja. Grégoire aliyatazama sana, lakini njaa ilimuuma, akawasha moto.

Maji hayajachemka, mvua ikashuka. Watu wakakimbia, Théophile mbele kabisa na sufuria. Mama Sonia alibaki katikati ya kiwanja, karatasi imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kifuani, maji yanamtiririka usoni.

"Mama Sonia, kuja! Utalowa!" wakamwita.

"Muniache," akajibu, huku analia na kucheka. "Miaka yote ilininyeshea kwa watu. Leo inaninyeshea kwangu."