Meneja Chini ya Gari

…lakini limesimama, hilo hata ofisa anayemtahini hawezi kubisha, gari limesimama hapa hapa mbele ya duka la kinyozi, na mguu wa kulia wa mama dereva uko juu ya breki, umeikandamiza mpaka mwisho na hautoki, kwa sababu mbwa yuko chini, kaingia chini na hajatoka, yule mbwa wa rangi ya mchanga aliyechomoka mlangoni bila hili wala lile akajitupa barabarani kama mtu aliyeitwa, na kulisikika kitu, pu, mlio mdogo kama wa mlango wa kabati, au ni kisogo chake mwenyewe kilichogonga kiti, hajui, anaomba kiwe kiti… na injini imezima, hilo nalo amelisikia, imekohoa mara moja ikanyamaza, maana alikumbuka breki akasahau klachi, na kuzima gari katikati ya mtihani ni kosa, liko kwenye fomu, mstari wa tisa, ameshaandikiwa mara mbili, mara moja kwenye kilima na mara moja penye taa, na mtihani wa tatu hakuzima chochote lakini aliambiwa amekwenda polepole mno, mama, umeendesha kama umebeba trei ya mayai, na leo ni wa nne, na leo alikuwa anakwenda vizuri, Mungu ni shahidi, alikwenda vizuri mpaka hapa, vioo ameangalia, taa amewasha, kona ya sokoni ameikata kama anakata kola, na sasa mbwa. "Umezima gari, mama," anasema ofisa, sauti haina hasira wala huruma, sauti ya mtu anayesoma namba ya simu, kalamu iko tayari, na yeye anajibu, "Ndiyo, bwana ofisa," kwa mazoea tu, maana ana miaka hamsini na tisa ya kusema ndiyo bwana huyu na ndiyo bwana yule, na jicho lake, ambalo halijui kupumzika, linaona kwamba kifungo cha pili cha shati la ofisa kimeshonwa kwa uzi mweusi badala ya mweupe, mtu kajishonea mwenyewe asubuhi kwa haraka, kijana wa rika la kitinda mimba wake, na mguu wa huyu kijana, hili anataka kulishika vizuri asije akajidanganya baadaye, mguu wake ulikuwa umelala kwenye zulia, naye ana breki yake upande ule, gari la chuo lina breki mbili, na alipokuja kuikanyaga gari lilikuwa limeshasimama, alikanyaga breki ya gari lililosimama, kama mtu anayepiga makofi wenzake wameshanyamaza… umemtangulia, mguu wa fundi cherehani umemtangulia ofisa wa serikali, mguu ulioendesha cherehani miaka thelathini na sita, sare za shule, suti, mapazia ya ofisi, mguu unaojua kuizuia sindano kabla haijafika kwenye kucha, haukungoja kuambiwa na kichwa, ulishuka wenyewe, na angecheka, kwa kweli angecheka kwa fahari kama asingekuwa anaogopa kupumua.

Mbwa halii. Hilo ndilo linalomtisha, angelia kidogo tu, angebweka, kinyozi mwenyewe ametoka, jitu la mtu, aproni yake imejaa nywele za watu, mashine ya kunyolea bado iko mkononi na haina waya, inanguruma peke yake, anamwita mbwa wake, "Meneja! Meneja!" na nyuma yake mteja naye ametoka, taulo shingoni, shavu moja jeupe kwa povu na jingine safi, anauliza watu wote na hamuulizi mtu, "Kagongwa? Kagongwa?" na kinyozi anapiga magoti kwenye lami na kuinama mpaka shavu linagusa chini, matako juu, mtu mzima, mbele za watu, na hapo ndipo yeye kwenye usukani anapotaka kufumba macho, kwa sababu magoti yale kwenye lami ameshawahi kuyaona, hayakuwa ya kinyozi, yalikuwa ya mwanamke mwenye kanga ya kijani, madogo sana ndani ya kioo cha pembeni, yakizidi kuwa madogo… si sasa, anajiambia, shika breki, si sasa, lakini yameshakuja, mchana mweupe ule, barabara iliyonyooka kama mstari wa chaki, marehemu mume wake ameshika usukani kwa mkono mmoja, mwingine umetoka dirishani, alikuwa anapiga mluzi, mtu mwema yule, hakuna atakayesema vingine, alilea watoto wanne bila kuinua mkono, alimnunulia cherehani ya kwanza ya umeme kabla hajajinunulia viatu, na mbwa alitoka kwenye majani upande wa kushoto, upande wake yeye mke, akamwona, akaona kabisa, mweusi, shingoni ana mkanda wa kitambaa cha buluu ulioshonwa kwa mkono, akauona hata mshono, mishono mirefu ya mtu asiyejua kushona lakini anayempenda mbwa wake, yote hayo kwa kufumba na kufumbua, halafu ule mlio, na ule haukuwa wa mlango wa kabati. Mluzi ulikatika, kisha ukaendelea. "Ni mbwa tu," alisema marehemu, "angekuwa mtu ningesimama," na mguu wake haukugusa breki wala haukupunguza mafuta, na yeye alitazama kioo cha pembeni, akaona mwanamke akitoka mbio kwenye nyumba na kupiga magoti, na akafungua mdomo, anakumbuka kwamba aliufungua, na kilichotoka ni, "Nyanya hizi nyuma zitapondeka," nyanya, Mungu wangu, alisema habari ya nyanya, na miaka kumi na tisa hakusema neno jingine, na siku ya mazishi shemeji yake alisimama mbele ya watu akasema huyu hapa ni dereva wa miaka thelathini, hajagonga hata kuku, na watu wakamgeukia mjane, na mjane akaitikia kwa kichwa, ndiyo, hata kuku…

"Mama," anasema ofisa, "washa gari, sogea pembeni, unaziba njia," na kweli honi zimeanza, nyuma kuna gari la mizigo, nyuma ya gari la mizigo kuna gari dogo jekundu, kwenye kioo anaiona foleni ikijikunja kama kitambaa kilichokosa pasi, na mkono wake wa kushoto umeshakwenda kwenye ufunguo wenyewe, mkono mtiifu huo, ndio unaokwenda kila unapoagizwa, vidole vimeshaugusa ufunguo, na anasikia sauti inasema, "Hapana." Nani kasema? Kasema yeye. Ofisa anageuza shingo, mara ya kwanza tangu wameondoka kituoni anamtazama usoni, "Unasemaje?" "Siwashi, bwana ofisa. Kuna mbwa wa mtu chini." "Mama, huu ni mtihani." "Najua ni mtihani, nimeshaufanya mara tatu." "Ukikaidi maelekezo ni kosa kubwa, si kama kuzima gari, kuzima ni dogo, hili ni la kufelisha moja kwa moja," na anaionyesha fomu, chini kabisa, mahali ambapo hajawahi kuandikiwa, na moyo unampiga mpaka anauona kwenye blauzi, blauzi ya kola ya mviringo aliyojishonea kwa ajili ya leo, na anafikiri haraka haraka, sare za shule zilizofungwa mafurushi barazani, mwaka wa pili huu anaomba watu wampelekee kama mzigo wa msaada, gari la marehemu limelala uani chini ya turubai alilolishona mwenyewe, binti yake akisema mama uza, mama una miaka mingapi, mama watu watakucheka, na marehemu kabla ya wote hao, kwa upendo, siku zote kwa upendo, wewe shona, mimi niendeshe, kila mtu na kazi yake… na yote hayo yako kwenye ncha ya kalamu ya kijana mwenye kifungo cha uzi mweusi, na pale nje magoti ya mtu yako kwenye lami. "Andika," anasema. "Nini?" "Andika nimekataa, bwana ofisa, na uandike vizuri, jina langu lina herufi mbili ambazo watu huziruka," na anashangaa, sauti haitetemeki, imenyooka, inatoka wapi sauti hii, ilikuwa wapi siku ile ya nyanya?

Ilikuwa hapa hapa. Ndilo jambo linalomjia sasa, linamjia taratibu, na halimuumi kama alivyodhani litamuuma, miaka yote hii amelihifadhi kosa lile kwenye droo ya mume wake, amelikunja vizuri, la kwake yule, mguu ulikuwa wake, usukani wake, na mimi nilikuwa abiria, angenisikiliza wapi, angenikatisha… lakini hakumkatisha. Marehemu hakuwahi kumwambia nyamaza, hata siku moja, aseme ukweli, angemwambia simama, pengine angesimama, pengine angenung'unika, akarudi nyuma na kushuka, akamwomba radhi yule mwanamke wa kanga ya kijani, alikuwa na moyo huo, na yeye mke wake ndiye aliyeujua moyo huo kuliko watu wote, na hakuupa nafasi. Mdomo ulikuwa wake. Haya, sasa amelisema, angalau ndani ya kichwa amelisema, na anayejua kusema ndani atajua kusema nje, Jumapili shemeji akianza tena hadithi yake ya kuku atamwambia, shemeji, tumegonga mbwa sisi, mchana, mimi na kaka yako, na hatukusimama, na alikuwa mtu mwema hata hivyo, na wanywe chai yao wakijua hivyo… "Yuko hai!" kinyozi anapiga kelele kutoka chini, sauti inagonga bati la gari, "Yuko hai, ananilamba kidole! Mama, mama dereva, usisogee! Kajikunja mbele ya tairi, kichwa kiko hapa, tairi liko hapa," na mkono wake mnene unatokea juu ya boneti ukionyesha kipimo, kidole gumba na cha shahada, na fundi hahitaji futi, inchi nne, nne kasoro, angewasha, gari likajivuta kidogo tu kama linavyojivuta klachi ikiachiwa, inchi nne zingekwisha, naye ofisa ameuona mkono huo, kalamu imetua kwenye goti lake, anaangalia vidole viwili vya kinyozi kwa muda mrefu kama mtu aliyepewa hesabu, kisha anakohoa, ananyoosha mkono mbele ya usukani, anabonyeza kitufe chekundu, na taa zote nne zinaanza kuwaka na kuzima, tik, tak. "Hizi nazo ulizisahau," anasema. "Nimezisahau," anakubali. "Nitaliandika hilo." "Liandike." Na anaona, au anahisi tu, kwamba kijana anazuia tabasamu, lakini hamwangalii zaidi, wala haiangalii fomu, jambo la ajabu, tangu asubuhi jicho lake limekuwa likichungulia fomu ile kama mwanafunzi mwizi, na sasa hana haja nayo, kilichoandikwa kimeandikwa, kama ni mara ya tano atakuja mara ya tano, atajishonea blauzi nyingine.

Mbwa hatoki. Kinyozi anambembeleza, "Meneja, toka baba, hakuna aliyekukasirikia," na mteja wa shavu moja anashauri aletewe maziwa, na mwanamke wa duka la pili anasema mbwa wa namna hii hutoka mwenyewe akichoka kuombwa, na mguu umeanza kufa ganzi kutoka kwenye unyayo kupanda juu, breki ya mkono ameshaivuta, angeweza kuuondoa huo mguu, anajua, lakini hauondoi, ni wake na ana raha nao, anakaa wima, anauweka mgongo kwenye kiti chote, hajawahi kukaa hivi kwenye gari lolote, siku zote alikaa ukingoni kama mgeni, na kwenye kioo anaona dereva wa gari la mizigo ameshuka, anakuja na hatua ndefu, mikono juu, amefura, anapita upande wa kushoto, upande wa abiria, anainama kwenye dirisha la ofisa, maana huko ndiko alikoona mwanamume, "Bwana, mtatuweka hapa mpaka lini, hebu, dereva wa gari hili ni nani?" na ofisa anafungua mdomo, na fundi, mikono miwili juu ya usukani, anatangulia tena.

"Ni mimi," anasema. "Subiri."