Paja la Kushoto la Nyundo

Mtafiti alimbandika Nyundo vibandiko vyenye nyaya, vya kupima misuli, kwenye mapaja yote mawili. Jina hilo alipewa na mashabiki wa mpira wa wavu, kwa jinsi alivyokuwa akiushindilia mpira chini kama anayepigilia msumari. Hiyo ilikuwa kabla goti lake la kushoto halijapasuliwa. Tangu arudi uwanjani, mipira yake iliishia wavuni, na kocha alishasema wazi: "Paja likigoma kwenye vipimo, nusu fainali utaitazamia benchi."

Mdogo wake, waliyemwita Chiriku kwa kutofunga mdomo, alikaa pembeni na taulo. Walicheza timu moja. Ni yeye aliyemwangukia dada yake siku ile goti lilipoumia. Wote wawili waliurukia mpira mmoja. Nyumbani mama yao alisema ajali haina kinga, na maneno yakaishia hapo.

"Ruka kwa nguvu zako zote," mtafiti alisema.

Nyundo akaruka. Kwenye skrini, mstari wa paja la kulia ulipanda kama mlima. Wa kushoto ulikuwa kichuguu tu.

"Sasa simama juu ya mashine hii ya mtetemo. Kunja magoti kidogo, utulie."

Jukwaa likaanza kutetemeka. Meno yakagongana, mashavu yakachezacheza.

"Dada, umekuwa mashine ya kufulia!" Chiriku alicheka. Mtafiti alikuwa ameinamia skrini: mistari miwili ilikwenda sawa, kama mapacha.

"Msuli mzima huu," alisema. "Mtetemo ukiuamsha, unaitika wenyewe bila kukuomba ruhusa. Hebu shuka, uruke tena."

Akaruka. Kichuguu kilekile.

Mtafiti alimtazama Nyundo, kisha akamtazama Chiriku, aliyekuwa amesogea karibu kumfuta dada yake jasho.

"Mdogo wangu, hebu utusubiri nje kidogo," mtafiti alimwambia.

Mlango ulipofungwa, Nyundo akaruka. Mstari wa kushoto ukapanda, ukaukaribia wa kulia. Hakuwa na haja ya kuelezwa. Alipogeuka, Chiriku alishausukuma mlango. Alikuwa ameona kila kitu kupitia kioo cha mlango.

"Kumbe ni mimi?"

"Siyo wewe."

"Usinifiche! Miezi yote hii nakukanda goti, kumbe unaniogopa. Unanichukia, dada?"

Nyundo alitaka kumpoza kama kawaida yake. Badala yake akamtazama usoni.

"Sikuchukii. Lakini ukiwa karibu, nikiruka nausikia tena ule mlio, kama kuni kavu inavunjwa. Kabla sijafika juu, mguu umeshajificha." Akaligusa goti. "Uliniumiza, mdogo wangu."

Chiriku alijifunika uso kwa taulo. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, alikosa neno. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa nangoja uniambie hivyo. Unyamavu wako ndio ulionimaliza. Nisamehe, dada."

"Njoo usimame hapa. Turuke wote."

"Jamani, taratibu," mtafiti alionya, lakini hakuwazuia.

Waliruka bega kwa bega. Mstari wa kushoto ulifika katikati, ukashuka. Mtafiti akatikisa kichwa: "Bado." Majibu yalipomfikia kocha, alimweka Nyundo benchi kama alivyoahidi.

Siku ya nusu fainali, timu ilielemewa kwenye seti ya tatu, kocha akamwita. Punde mpira uliinuliwa katikati ya dada hao wawili.

"Wako!" Chiriku alipiga kelele, akarudi nyuma.

Nyundo akaruka. Mlio ule ulimjia masikioni, ila safari hii mguu haukujificha. Alipiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukapita mstari wa uwanja, ukatoka nje. Wapinzani wakashangilia pointi.

Alitua kwa miguu yote miwili, akamgeukia mdogo wake huku akihema.

"Usinikimbie tena. Mpira ukija, ruka nami."