Mbwa Aliyekaa Upande wa Wagonjwa

Mtaalamu wa maabara alikaa mbele ya kompyuta hajui ashike lipi, aache lipi. Kazi yake na wenzake ilikuwa kujenga hifadhidata ya protini za mbwa: damu inapimwa, kila protini inawekwa mahali pake, mbwa wazima upande mmoja na wagonjwa upande mwingine, ili baadaye daktari aweze kuuona ugonjwa kabla mbwa hajaanza kudhoofika. Mbwa wote walikuwa wametulia walikopangwa, isipokuwa mmoja. Tajiri, mbwa wa baba yake mwenyewe, aliingizwa kwa wazima, lakini kompyuta ilipolinganisha, protini zake zilikwenda kujibanza kwa wenye figo mbovu.

Tena huyo Tajiri! Mbwa wa kulala mlangoni mwa chumba cha mzee tangu mama afariki, wa kumsindikiza dukani na kumrudisha. Ukimgusa huyo, umemgusa mzee.

Basi akasema mashine imechanganyikiwa. Akaisafisha, akapima upya. Tajiri yuleyule, kwa wagonjwa. Akasema labda chupa za damu zimebadilishana. Akaenda nyumbani akamtoa damu nyingine, akaileta mwenyewe mkononi. Wapi! Akaanza kuwashuku hata wenzake ambao hawajamkosea lolote.

"Mfute tu," mkuu wake akamwambia. "Mmoja asituharibie kazi."

Kidole kikawa juu ya kitufe. Alitaka kumfuta, jamani, alitaka sana.

"Kwani nani alisema Tajiri ni mzima?" akauliza.

Mkuu akakuna kidevu. "Si wewe?"

Ndiye. Hapo maabara, mbwa wazima walikuwa mbwa wa wafanyakazi, maana ndio waliokuwa karibu, na kila mwamba ngoma huvutia kwake: nani atasema wa kwao ni mgonjwa? Wagonjwa waliletwa na vyeti vya daktari. Wazima waliletwa na maneno ya wenyewe tu. Wasomi watupu, na hakuna aliyeliona hilo.

Jioni ileile daktari wa mbwa akampima Tajiri.

"Figo zimeanza kuchoka," akasema. "Tukibadilisha chakula, na dawa juu, muda upo. Muda gani, sijui."

Njiani kumrudisha Tajiri nyumbani, mtaalamu alipanga maneno mazuri ya kumwambia baba. Yote yakamtoroka mlangoni. Akaeleza ovyo ovyo, akichanganya figo na mashine na samahani, hata mwenyewe hakujua anaomba radhi kwa lipi.

Mzee akamsikiliza hadi mwisho, mkono juu ya shingo ya mbwa.

"Sasa kwenye kazi yenu mmemweka wapi?"

"Bado yuko kwa wazima, baba. Nimeshindwa kumhamisha."

"Mhamishe, mwanangu. Hapo alipo anawaponza mbwa wa wenzetu: wakiugua kama yeye, mtawaita wazima."

Akaitikia kwamba atamhamisha kesho. Kisha akaketi sakafuni, upande wa pili wa Tajiri, akalia, na mzee hakumnyamazisha.