Namba Iliyopalilia kwa Zamu

Zablon alikuwa amekwisha kutoa neno lake: mkewe Phelesia asipofaulu mtihani wa ngumbaru mwaka huo wa 1994, masomo basi, na daftari lake litatumika kufungia omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Sori. Ndiyo maana Phelesia aliingia darasani amelikumbatia daftari hilo kama mtoto mwenye homa.

Swali la mwisho lilikuwa na namba ndefu kama mkia wa kenge: 142857. Izidishe kwa mbili, tatu, nne, tano na sita.

Kwa mbili alipata 285714. Kwa tatu, 428571. Kalamu ikasimama. Tarakimu zilikuwa zile zile sita, zimefuatana vile vile, ila ya kutangulia imebadilika. Mbona hawa anawajua! Yeye na majirani watano walipalilia mashamba yao kwa zamu, Jumapili hadi Ijumaa. Mwenye shamba la siku hiyo hutangulia, wenzake wakamfuata kwa mpangilio usiovunjwa.

"Wanapalilia!" akanong'ona.

"Nani?" akauliza jirani yake Benta, aliyekuwa bado anashikana mashati na mbili.

"Nyamaza, nyar Kanyamwa, utanifukuzisha," akamkemea kwa jina la ukoo wa kwao.

Basi Phelesia akawa anazidisha ile saba ya mwisho tu, amjue wa mkiani, kisha anawapanga wengine mbele yake. Akaweka kalamu chini kabla ya wote. Bwana Nyamweya, msimamizi wa mtihani, akaja mbio.

"Mama, kazi yako iko wapi? Naona majibu matupu. Umenakili kwa nani?"

"Kwa nani, mwalimu, na Benta bado yuko kwa mbili?"

Darasa likacheka. Benta akafyonza.

"Haya, ubaoni! Zidisha kwa saba. Ukikosa, nalifuta jina lako."

Saba mara saba, arobaini na tisa. Akaandika tisa. Katika wale sita hapakuwa na tisa! Akaendelea: tisa tena. Na tisa. Hata ubao ukamkodolea tisa sita. Alikuwa amekwisha kushika kifutio alipoangua kicheko.

"Ni Sabato, mwalimu!"

"Sabato gani?"

"Siku sita kila mmoja ana zamu yake ya kutangulia. Ya saba hatupalilii. Tunakwenda kanisani na sare za Dorkasi, chama chetu cha akina mama, weupe mtupu, hakuna mkubwa wala mdogo. Huwezi kunitofautisha na Benta."

"Mimi ni mwembamba," akasema Benta.

Bwana Nyamweya alizidisha mwenyewe kwenye kiganja chake, akarudia. Kisha, bila kumtazama mtu usoni, akaandika juu ya daftari kwa wino mwekundu: AMEFAULU.

Nyumbani, Zablon alikuwa amekwisha kumwaga omena kwenye ungo, gazeti kuukuu liko kando.

"Lete hilo daftari."

Phelesia akamwonyesha ule wino mwekundu, kisha akaliokota gazeti.

"Utafungia hili, baba Risper. Lakini ngoja kwanza nilisome."