Siku Mkurugenzi Alipofunga Bwawa

Mtoto wetu alipofikisha miezi minane, nyumbani tulikuwa tumeshamzoea kwa jina la Mkurugenzi. Ni jina lililomkaa: mnene, hana nywele, hafanyi kazi yoyote, na mikutano yake yote anaiitisha usiku. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa amerudi kazini, na zamu zake na za Mkurugenzi hazikupatana hata kidogo. Jioni moja nilimkuta jikoni amesimama, ameegemea kabati, mwiko mkononi, amelala. Nikamgusa bega. Bila kufumbua macho akanijibu kwamba mgonjwa wa kitanda cha dirishani homa imeshuka.

Hapo nikaamua kuwa mume wa maana. Nikatangaza safari ya mwisho wa juma kwenye chemchemi ya maji moto, mahali pa mapumziko nje ya mji ambapo wamejenga mabwawa, vyumba vya kulala na vyumba vya kukandwa mwili. Watu husema maji yale yana madini yanayotuliza viungo, ngozi, na hata hasira. Mke wangu aliposikia neno "kukandwa" alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeletewa habari njema akaogopa kuzishtua.

Ningeishia hapo, ningekuwa shujaa. Lakini kimbelembele changu hakijui kuishia. Nikamwalika na baba mkwe.

Baba mkwe ni hakimu mstaafu, mjane, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kumchoka. Tangu nimwoe binti yake, mazungumzo yetu yalikuwa hayajawahi kuvuka hali ya hewa. Mimi nikisema jambo, yeye hunyamaza kwanza, kisha husema, "Nimekusikia." Hakubali wala hakatai. Nami hubaki nimesimama nikisubiri hukumu ambayo haisomwi. Nilidhani maji ya moto yangemlainisha.

Maandalizi niliyachukua mimi. Kazi yangu ni kufundisha udereva, kazi inayomfanya mtu aamini kwamba ajali zote ni za watu wengine. Safari ilikuwa ya kulala mara moja tu, lakini jirani aliyetuona tukipakia gari aliuliza kwa huzuni tunahamia wapi. Mke wangu alinituma kitu kimoja tu: nepi za kuogelea. Dukani nikaziona, nyembamba, chache kwenye pakiti, zimechorwa samaki. Nikajicheka moyoni kwa furaha ya mtu asiyedanganyika. Nepi ni nepi, nikasema, haya mengine ni mbinu ya kuwatisha wazazi wapya. Nikanunua za kawaida, pakiti kubwa kuliko zote.

Njiani baba mkwe alikaa mbele kando yangu, amefunga tai. Kila kona niliyoikata, mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu ya gari, pale ambapo breki ingekuwapo kama gari lingekuwa la mafunzo. Mguu ule niliutambua, maana mimi huutumia kutwa nzima kwa wanafunzi wangu. Sikuwahi kujua unavyouma kwa anayeendesha.

Tulipofika, nilichokiona kwanza hakikuwa kwa macho. Nilifungua mlango wa gari, harufu ya mayai viza ikanipiga puani, nikamgeukia Mkurugenzi moja kwa moja. Nikamlaza kwenye kiti, nikafungua nepi. Safi. Tukaingia mapokezi, harufu ikazidi. Nikampekua tena kwenye kochi la wageni. Safi. Mama wa mapokezi akaniambia kwa upole kwamba hayo ni madini, kila mgeni hushtuka, na baada ya muda pua huzoea. Nikacheka nikasema najua. Na kweli pua yangu ilizoea. Ikastaafu kabisa, siku ambayo ningeihitaji kuliko zote.

Mke wangu tukampeleka kwenye chumba cha kukandwa. Alisita mlangoni akimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi, na huko kunitazama mimi ndiko kulikomchelewesha. Nikamwambia aende, kwani kuna ugumu gani, wanaume wawili wazima na mtoto mmoja. Baba mkwe akasema, "Nenda, mwanangu." Kwa kauli hiyo akaenda.

Tukabaki watatu kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Hakuna darasa linalomwandaa mtu kuvua suruali mbele ya baba mkwe wake. Yeye aligeukia ukuta huu, mimi ukuta ule, na Mkurugenzi katikati, uchi, akitupigia makofi sote wawili. Tulipogeuka, baba mkwe alikuwa ndani ya joho jeupe la taulo, mikono ameikunja, mrefu, na kwa mara ya kwanza sikuona tai. Mimi nilikuwa na kaptura ya kuogelea niliyoinunua kabla ya ndoa, tumbo langu likiwa la baada ya ndoa.

Bwawa lenye joto kali watoto hawaruhusiwi. Tukaelekezwa kwenye lile la vuguvugu, chini ya paa, ambamo wageni kama kumi walikuwa wamezama hadi mabegani, kimya, macho wamefumba, kama maharage yaliyolowekwa. Mhudumu wa bwawa, dada mmoja mwenye filimbi shingoni, akauliza kama mtoto amevaa nepi. Nikajibu amevaa, tena mpya. Baba mkwe akavua joho, tukaingia majini.

Nepi ya kawaida kazi yake ni kufyonza maji, na ile ilifanya kazi kwa bidii ambayo sijawahi kuiona. Ilianza kuvimba papo hapo. Mwanzo ikawa kama mto wa kulalia, kisha kama godoro, na Mkurugenzi akaanza kuzama upande wa makalio na kuinuka upande wa miguu. Baba mkwe alitazama jambo lile kwa makini. Mimi, mtaalamu wa kutatua matatizo barabarani, nikalitatua: nikaifungua nepi chini ya maji, nikaitupa pembeni ya bwawa, ikaangukia sakafuni kwa kishindo. Nikambeba mtoto hivyo hivyo. Dakika mbili tatu tu, nikajiambia, nani atajua.

Mkurugenzi akatulia. Uso wake ukawa na amani na fikra nzito. Nikamwonyesha babu yake, nikasema kwa majivuno kwamba angalia, Baba, madini yameshamwingia.

Karibu yetu alikuwapo mama mmoja aliyevaa kofia ya plastiki yenye maua, mgeni wa siku nyingi pale, ambaye tangu tuingie alikuwa akitusifia maji: yamemtoa gauti, yamemwondolea makunyanzi, na lile tope la chini ukijipaka usoni unarudi usichana. Sasa akanyamaza katikati ya sentensi. Alikuwa ameona kitu cha rangi ya kahawia kikielea taratibu kumwelekea.

"Haya," akasema kwa furaha, "leo hata tope lenyewe limekuja juu."

Akanyoosha mkono.

Nilijua. Nilijua kabla sijatazama, kwa jinsi mtoto alivyokuwa mwepesi ghafla. Mwanamume mwenye utu angesema neno. Mimi nikajitia hamnazo. Nikainua uso nikaikagua dari ya bwawa lile kama fundi aliyeitwa kuipiga rangi. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, kwa maana zote.

"Mama, usiguse," sauti ikasema kando yangu.

Ilikuwa sauti ya mahakamani. Macho yote yakafumbuka. Baba mkwe alisimama wima, maji yakimchuruzika, akasema kwa utulivu uleule, "Hilo si tope. Ni la mjukuu wangu."

Sijawahi kuona maji yakiachwa haraka namna ile. Watu waliokuja wakikokota miguu, waliolalamikia nyonga na viuno, walipanda ngazi wawili wawili. Dada mwenye filimbi alipuliza filimbi, ingawa wa kumpulizia hakuwapo tena. Mama wa kofia ya maua aliuangalia mkono wake kwa muda mrefu, upande huu na upande ule. Mimi nilikuwa wa mwisho kutoka, nimembeba Mkurugenzi aliyekuwa akicheka kwa sauti, akifurahia mbio zile kama aliyeziandaa.

Dada akatueleza, bila kutugombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba bwawa lazima limwagwe, lisuguliwe, kisha lijazwe upya, na maji ya chemchemi hayana haraka. Mwenzake wa zamu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo angesugua peke yake. Nikaanza kuomba radhi kwa maneno mengi. Baba mkwe akanikatiza akamwambia, "Lete brashi. Tutasugua sisi." Dada akakataa, akasema wageni hawafanyi hivyo. Mzee akamwambia amemsikia, akaendelea kunyoosha mkono mpaka brashi zikaletwa.

Mkurugenzi tulimwosha, tukamvalisha nepi mbili kwa pamoja, tukamweka ndani ya beseni kubwa mahali pakavu. Mimi nilipiga magoti kwenye sakafu ya bwawa tupu, nikiwa na kaptura yangu ya kabla ya ndoa, nikasugua vigae. Dada akamwaga dawa, akatuachia. Baba mkwe, asiyeweza kupiga magoti, alichukua brashi ya mpini mrefu akasugua kuta akiwa amesimama. Akamaliza ukuta mmoja. Kisha akasema, mgongo amenipa:

"Uliangalia dari."

"Ndiyo, Baba."

"Nimekaa kwenye kiti kile miaka mingi. Mtu akisomewa mashtaka, wengine hulia, wengine hubisha. Na wapo wanaoangalia dari." Akasugua kidogo. "Hao sijapata kumwona hata mmoja asiye na hatia."

Nikaongeza bidii kwenye kigae. Halafu nikasikia sauti nyuma yangu, kama gari linalokataa kuwaka, nikageuka kwa hofu nikidhani mzee amezidiwa na dawa. Alikuwa anacheka. Ameshika mpini wa brashi kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. "Alinyoosha mkono," akasema, akashindwa kuendelea. "Yule mama. Alitaka kujipaka." Tukacheka mpaka Mkurugenzi akakasirika kwa kutohusishwa.

Alipotulia akanihadithia jambo ambalo hata binti yake halijui. Asubuhi ya kuapishwa kwake uhakimu, mama mkwe marehemu alimpa mtoto amshike kidogo, ambaye ndiye mke wangu huyu, na mtoto akamtapikia maziwa begani, juu ya joho jipya. Muda wa kubadili haukuwapo. Akaapa kulinda haki mbele ya wakubwa wote akinuka maziwa yaliyochacha, na aliyesimama kulia kwake alisogea hatua nzima. "Tangu siku hiyo," akasema, "mtu akinisogelea kwa heshima nyingi, huwa najiuliza kama joho ni safi." Kisha akanionyesha pembe niliyoiruka.

Mke wangu alitoka alasiri, shavu lina alama za kitambaa cha kitanda. Alikuwa amelala pale pale alipokandwa, na mkandaji, mwanamke mwenye huruma, alimfunika shuka akamwacha. Sura yake ilikuwa ile niliyoioa. Akauliza maji yalikuwaje. Nikafungua mdomo, nikaona macho yangu yanaanza kupanda juu yenyewe. Baba mkwe akawahi kujibu kwamba yamemfaa sana. Hakimu hasemi uongo.

Siri ilidumu mpaka chakula cha jioni, mama wa kofia ya maua alipopita mezani kwetu, akainama, akauliza kwa huruma kama tumbo la mtoto limetulia. Mke wangu akaulizia, akaambiwa yote, pamoja na nani alisema na nani alinyamaza. Akaweka uma chini. Akaniuliza zile nepi za samaki ziko wapi. Nikamweleza falsafa yangu ya dukani, na kadiri nilivyoieleza ndivyo ilivyozidi kunywea. Hakunigombeza. Aliinua kitambaa cha mkono akajifunika uso, na nikadhani analia, mpaka nilipoona baba mkwe naye amejifunika cha kwake.

Asubuhi bwawa lilikuwa limejaa tena, maji yanatoa mvuke, maharage yote yamesharudi ndani. Tulikuja sote wanne. Mke wangu alikuwa ameazima nepi mbili za samaki kwa mzazi mwingine na kumvalisha mtoto mwenyewe, mimi sikuruhusiwa hata kushika. Mguu wa kwanza wa Mkurugenzi ulipogusa maji, bwana mmoja alikumbuka kwamba hajanywa chai. Mwingine akamfuata. Mama wa kofia alitupungia mkono kwa upendo akiwa tayari ngazini. Punde bwawa zima likabaki letu.

Mke wangu akawatazama wakiondoka na mataulo yao. "Hivi wote wanakwenda wapi mapema hivi?"

Baba mkwe alikuwa amejiegemeza ukingoni, mjukuu kifuani amemshika mguu mmoja, magoti ameyanyoosha ndani ya maji.

"Wameshapona," akasema.

Kisha akanigeukia, akanyoosha mkono, akaniita nisogee, nimshikie mtoto mguu wa pili.